Nilivyosailiwa na Kijiji Kizima

Niliondoka Dodoma kwa sababu dada yangu alikuwa analihitaji kochi lake. Hakusema hivyo. Kwetu hatusemi mambo ya namna hiyo; alianza tu kulifua kila Jumapili asubuhi nikiwa bado nimelala juu yake.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamivu ya akiolojia. Nilivaa joho, nikapigwa picha, mama mzazi akashika cheti kichwa chini, na tangu siku hiyo sikuwa na kazi. Utafiti wangu ulihusu mavi ya chuma, yaani yale mabonge meusi yanayobaki pale wahunzi wa zamani walipoyeyusha mawe kupata chuma. Ndilo jina lake, sikulitunga mimi. Lakini mama akisimama kanisani kwetu Same akatangaza kwamba bintiye Namkunda amesoma mavi mpaka akawa daktari, waumini hukaa kimya kidogo kabla ya kusema amina.

Shemeji yangu, mume wa huyo dada, ana duka la vifaa vya ujenzi. Aliniambia kwa upole kwamba chuma ni chuma, na kwamba kwenye misumari alikuwa anatafuta mtu msomi. Nilimshukuru. Kisha nikaingia chooni nikalia kidogo, nikatoka nikaanza kutafuta nafasi kwa bidii ambayo sikuwahi kuitumia hata kwenye mitihani.

Nafasi ikapatikana. Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilitangaza utafiti wa baada ya uzamivu, miaka mitatu, katika akiolojia na urithi wa jamii za asili. Kulikuwa na sharti moja tu la ajabu: jamii yenye urithi huo ishirikishwe kikamilifu katika kumteua mtafiti, na muhtasari wa mkutano wa kijiji, wenye mhuri, uwafikie kabla ya mwisho wa mwezi. Nadhani walioandika sharti hilo walitaka saini tu. Mimi pia nilitaka saini tu. Hakuna aliyewaza kwamba kuna kijiji kingelisoma sharti hilo na kulitekeleza neno kwa neno.

Nikamwandikia mwenyekiti wa kijiji ambacho hapa nitakiita Nyamihini, huko Kibondo, upande wa Mabamba, ambako kuna kilima chenye matanuri ya zamani ya Waha ya kuyeyushia chuma. Nikamwambatishia na lile tangazo, nimelitafsiri kwa Kiswahili safi. Akanijibu kwa ujumbe mfupi: "Tumepokea. Tunatekeleza. Njoo." Nikafurahi. Nikipata mhuri nina kazi, nikikosa nina misumari.

Tabora nililala usiku mmoja, na asubuhi nikapanda basi la kupitia Uvinza. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliyeniuliza naenda kufanya nini. Nikamwambia naenda kuchimba vitu vya kale. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanong'ona, "Ni rupia za Mjerumani, siyo?" Nikamwambia hapana, ni mavi ya chuma. Akacheka kwa namna ya mtu anayejua siri za dunia. "Sawa, binti yangu, ficha tu. Hata mimi ningeficha." Nchi hii ukionekana umeinama na sururu mahali pasipo shamba, basi Mjerumani alikuachia sanduku. Nilibishana naye mpaka Uvinza. Mimi ni Mpare, na Mpare haachi kesi njiani. Aliposhuka alinipa namba yake ya simu, nikilipata hilo sanduku nisimsahau.

Kasulu tuliingia alasiri. Baridi ya kule juu haina utani. Nilishuka na blauzi ya Dodoma nikaanza kutetemeka hapo hapo stendi. Alinipokea Mwalimu Ruhaga, mkufunzi mstaafu wa historia aliyefundisha chuo cha ualimu pale mjini kwa miaka mingi. Ndiye aliyenidokeza habari za kile kilima, na alikuwa amekubali kunisindikiza ili anitafsirie Kiha. Nilikuwa namfahamu kwa simu tu, kwa hiyo sikujua kwamba ana ugonjwa mmoja: kila kitu anakipa alama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Salamu nzuri, saba juu ya kumi. Hukuinama vya kutosha. Nguo, mbili."

Mkewe, Mama Ruhaga, alinivika koti lake zito, akatuandalia ugali wa muhogo, maharage ya Kasulu yaliyoungwa kwa mawese, na migebuka miwili mikubwa, samaki wa Ziwa Tanganyika. Mwalimu akatangaza kwamba maharage ni tisa. Mkewe hakugeuka hata kunitazama, akasema tu, "Miaka yote hii sijapata kumi, lakini anamaliza sufuria." Nililala chini ya mablanketi matatu na nikaota misumari.

Kesho yake tulipanda basi dogo kwenda Kibondo. Makere akapanda mwanamke wa Kikongo, mnene mwenye kitenge cha rangi ya chungwa, anayefanya kazi ya misaada kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na siku hiyo alikuwa na kibali cha kwenda Kibondo. Alikaa kati yangu na Mwalimu, akajitambulisha kwamba anaitwa Maman Furaha, na kabla hatujavuka daraja la kwanza alikuwa ameshajua nina umri gani, sina mume, na kochi ni la dada.

"Na kule Kibondo unaenda kutafuta nini, mama?"

"Mavi ya chuma, Maman."

"Ya nini? Mon Dieu!" Akanigeukia mzima mzima. "Iko na faida gani, ile? Bantu banalipaka juu ya ile?"

"Wanalipa, wakikubali."

"Basi bazungu bako na pesa nyingi sana." Akafungua kikapu, akanipa andazi. "Kula, mama. Mutu anasoma hivi anapashwa kula."

Mwalimu akampa huyo mama alama nane kwa ukarimu na tatu kwa Kiswahili. Maman Furaha akamwambia kwamba huko kwao Kiswahili chake ndicho cha kumi, chetu ndicho kimeharibika, na Mwalimu akanyamaza mpaka Kibondo. Sijamwona mtu mwingine aliyewahi kumnyamazisha.

Kibondo mjini tulilala kwenye nyumba ya wageni karibu na soko la asali, na asubuhi tukachukua bodaboda mbili kuelekea upande wa Mabamba. Barabara ni ya vumbi jekundu, inapanda na kushuka kati ya migomba na mihogo, na ukiinua macho unaona milima ya Burundi imekaa ng'ambo kama majirani wanaochungulia. Nilikuwa nimejaa matumaini. Nilishapanga hata maneno ya kushukuru baada ya mhuri. Nilidhani mchana nitakuwa nimemaliza.

Nyamihini tulikuta ofisi ya kijiji imejaa watu mpaka nje. Barabara ya kuingilia ilikuwa imefagiwa. Kwenye mlango wa ofisi palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya ugali, imeandikwa kwa kalamu nene: NAFASI YA KAZI. MTAFITI WA KILIMA. SIFA: AWE MCHIMBAJI. WOTE MNAKARIBISHWA. Mwalimu aliisoma mara mbili. "Mwandiko, sita," akasema, na kwa mara ya kwanza niliona ana wasiwasi.

Mwenyekiti, Bwana Bitakama, alitoka kutupokea. Ni mwanaume wa makamo, mwembamba, mwenye koti la suti lililokosa kifungo kimoja, na anapenda vikao kama wengine wanavyopenda mpira. Salamu za Waha hazina haraka. Unapiga makofi ya polepole, unainama, unasema "mwakeye", unaulizwa habari za nyumbani, za safari, za mvua, za ng'ombe ambao huna, nawe unauliza zote hizo kwa zamu. Nilipiga makofi kwa bidii mpaka viganja vikaniwasha.

"Karibu sana, Dokta," Bwana Bitakama akasema tulipomaliza. "Tumetekeleza. Wewe ni namba tatu."

"Namba tatu ya nini, Mheshimiwa?"

"Ya usaili."

Nikamwambia pana makosa. Hiyo nafasi niliiomba mimi. Akatoa barua yangu mfukoni, ameikunja vizuri, akanisomea tafsiri yangu mwenyewe: jamii ishirikishwe kikamilifu katika kumteua mtafiti. "Kuteua," akasema, "ni kuchagua. Na mtu mmoja hachaguliwi, Dokta. Mtu mmoja anapitishwa tu. Sisi kupitisha tumechoka. Kwa hiyo tumetangaza mpaka kanisani."

Nilitafuta kasoro ya kisheria katika maneno yake, nikakosa, na hilo liliniuma kuliko usaili wenyewe.

Kabla ya usaili, mwenyekiti alitaka wasailiwa wote tukione kilima. Tukapanda kwa miguu, kijiji kizima nyuma yetu. Juu kule nilisahau hasira zangu. Matanuri yalikuwepo, duara kwa duara, kuta za udongo ulioungua zimechomoza kwenye nyasi, na vipande vya mirija ya mivukuto iliyopulizia moto vimelala pembeni, na mavi ya chuma, meusi, mazito, yametapakaa kila mahali. Nilipiga magoti nikashika bonge moja na kulinusa. Nilisikia mtu nyuma akisema, "Amelibusu?"

Lakini katikati ya matanuri palikuwa na mashimo. Mashimo mabaya, marefu, yaliyochimbwa usiku na watu wenye haraka. Tanuri moja lilikuwa limepasuliwa katikati. Aliyenieleza ni Mama Nyandwi, mweka hazina wa kijiji, mama wa miaka sitini hivi, mpole wa sura na mkali wa maneno. Alisema watu wa rupia za Mjerumani walikuja mara ya kwanza wakafukuzwa, wakaja mara ya pili usiku.

"Na huku," akanionyesha mteremko wenye mawe yaliyopangwa, "wamelala wazee wetu. Bibi yangu yuko pale. Shimo la mwisho limeishia hapa." Akaweka mguu wake kwenye ukingo. Kati ya mguu wake na jiwe la bibi yake pasingeweza kulala mbuzi. "Kwa hiyo mtu wa kilima hiki tunamchagua wenyewe. Mzungu akitaka, asitake."

Nilikasirika kwa niaba ya tanuri, na kwa niaba ya bibi yake pia. Nilielewa pia kwamba huu haukuwa mchezo, ingawa kila mtu alikuwa amekuja na mahindi ya kuchoma.

Usaili wa maneno ulifanyika chini ya kilima, kamati imekaa kwenye benchi la shule. Namba moja alikuwa Nzeyimana, jina la utani Katapila, kijana wa miraba minne ambaye wazazi wake walitoka Burundi zamani wakapata uraia hapa. Yeye huchimba vyoo, visima na makaburi ya tarafa nzima. Namba mbili alikuwa Fidelis, kinyozi kutoka Kibondo mjini, aliyevaa miwani ya jua na kubeba mashine ndefu yenye sahani mwishoni, inayolia ikigusa mahali penye chuma. Namba tatu ni mimi, Dokta Namkunda, na begi langu la brashi.

Kamati ilimuuliza kila mmoja swali lile lile: ukichimba ukamkuta mtu, utafanya nini?

"Nitamhamisha vizuri," akasema Nzeyimana. "Nina uzoefu."

"Nitampima," akasema Fidelis, akaipiga mashine yake kofi la mapenzi.

Mimi nikasema nitasimama, nitafunika, nitawaita, na sitaendelea mpaka wakubaliane. Mama Nyandwi akaandika kitu. Kisha akaniuliza kabila. Nikamwambia Mpare.

"Si ndio wale wa kesi?"

"Ndio sisi."

"Wewe umewahi kumshtaki mtu?"

"Mjomba wangu. Kwa ajili ya mbuzi."

"Ukashinda?"

"Nikashinda. Mbuzi alikuwa ameshakufa kwa uzee, lakini nikashinda."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu Ruhaga akaniinulia vidole nane kutoka kule nyuma, nikapata nguvu.

Baada ya chakula ukaja mtihani wa vitendo. Kila msailiwa alipewa kipande cha ardhi kwenye uwanja karibu na ofisi, mbali na kilima, na akaambiwa: chimba, tuone unavyochimba. Mwenyekiti akapuliza filimbi ya shule.

Nzeyimana alivua shati. Sijapata kuona kitu kama kile. Udongo ulikuwa unaruka juu kama kuku wanaofukuzwa. Muda mfupi alikuwa amezama hadi kiunoni, kisha kifuani, kisha tukawa tunaona chepe tu linachomoza, linamwaga, linarudi chini. Wanawake wakaanza kumwimbia.

Fidelis yeye alitembea kwa maringo na mashine yake. Ikalia, akachimba, akatoa kopo la dagaa. Ikalia, akachimba, akatoa kipande cha jembe. Ikalia tena kwa nguvu sana, akachimba kwa pupa, akakata bomba la maji la shule. Usaili ukasimama wakati watu wanaziba bomba kwa majani ya mgomba, na mwalimu mkuu akatoa maneno ambayo Mwalimu Ruhaga alikataa kunitafsiria.

Na mimi? Mimi nilipigilia vigingi vinne. Nikafunga uzi, nikapata mraba wa mita moja. Nikapiga picha. Nikapiga magoti, nikachukua mwiko mdogo, nikakwangua. Nikachukua brashi, nikapangusa. Nikachekecha udongo wa kiganja kimoja. Kisha nikatoa mswaki, kwa sababu kulikuwa na kipande cha kigae na kilitaka kusafishwa ubavuni.

Kelele za uwanjani zikapungua. Umati ukaanza kuhama kutoka kwa Katapila kuja kwangu, taratibu, kama watu wanaokuja kutazama ajali.

"Anafanya nini?"

"Anaipiga ardhi mswaki."

"Mawee! Anachimba au anaipaka poda?"

"Muacheni, labda ardhi ya kwao ina meno."

Nilikuwa nasikia kila neno, masikio yanawaka, lakini mikono yangu haijui kufanya vinginevyo. Nilipata kizibo cha soda nikakitia kwenye mfuko mdogo, nikaandika. Nikapata mkaa, nikautia kwenye mfuko mwingine, nikaandika. Mzee mmoja alicheka mpaka ikabidi ashikwe. "Ameipa takataka jina! Amebatiza kizibo!"

Ndipo brashi yangu ikafunua kifungo. Kifungo cheusi, cha koti, kimelala kwa ubavu kwenye udongo.

"Hicho ni changu!" mwenyekiti akapaza sauti. Akaruka kutoka kwenye benchi la kamati, akafungua koti lake kuonyesha palipokosekana kifungo. Uzi bado ulikuwa unaning'inia. "Kilidondoka hapa siku tunagawa mbolea! Nimekitafuta mpaka kwa mganga!" Akainama na kunyoosha mkono.

Nikamzuia kwa mwiko.

"Mheshimiwa, naamini ni chako. Lakini hakijatoka."

"Kimetoka. Nakiona."

"Kinaonekana. Hakijatoka. Lazima nipime, nichore, niandike kilipolala na kilivyolala. Nikikuachia wewe ukichomoe, hata koti likiwa lako, mahali pake pamepotea, na hapatarudi tena."

Nilijua ninafanya upumbavu. Mhuri ulikuwa mfukoni mwa koti lile lile. Mtu mwenye akili angempa mwenyekiti kifungo chake, akamfutia vumbi, akamshonea kabisa. Nilitamani kuwa mtu mwenye akili, ila nikajikuta nanyoosha futi.

Mwenyekiti akachuchumaa. Akasubiri. Nikapima. Nikachora. Nikapiga picha, nikageuza ubao wa mshale uelekee kaskazini, nikapiga tena. Jua lilikuwa kali na mtu mzima yule alikaa pale amechuchumaa mbele ya kifungo chake mwenyewe kama anayesubiri kuitwa na daktari wa kweli. Mwalimu Ruhaga alikuwa ameufunika uso kwa kofia. Nilipomaliza, nikakitoa kwa vidole viwili, nikakitia kwenye mfuko, nikampa akaweka saini ya kupokea. Hapo kicheko kikalipuka ambacho nadhani Burundi walikisikia.

Filimbi ikalia. Nzeyimana alitolewa shimoni kwa kamba. Mimi nilikuwa nimeshuka vidole viwili.

Kamati ilikwenda nyuma ya ofisi kujadili. Mwalimu akaja akakaa karibu nami. Nikamuuliza nimepata ngapi. Akafikiri. "Nne," akasema kwa huzuni. "Na moja kati ya hizo ni ya huruma." Nikaanza kuandika rufaa. Nilikuwa nimefika sababu ya tatu ya rufaa, na kwa kweli moyoni nilikuwa nimeshaanza kupanga misumari kwa ukubwa, kamati iliporudi.

Aliyesimama kutoa uamuzi ni Mama Nyandwi.

"Nzeyimana, mwanangu," akasema, "hakuna anayechimba kama wewe. Ukipewa kile kilima, Ijumaa hakipo."

Watu wakakubali kwa sauti. Nzeyimana akainama kama aliyepewa nishani.

"Fidelis, mashine yako inaita kila chuma. Na kilima chetu chote ni chuma. Wewe utachimba mpaka utokee Bujumbura. Na bomba utalipa."

Kisha akanigeukia mimi.

"Huyu binti wa Wapare. Tangu mchana yuko pale, ametuchimbia vidole viwili. Mimi nimepiga hesabu. Bibi yangu amelala chini kimo cha mtu. Kwa mwendo huu, mpaka amfikie, sisi wote tutakuwa tumeshakufa, mwenyekiti amekufa, na yeye mwenyewe anatembea na mkongojo. Na kabla hajamgusa atakuwa amemwandikia kila jiwe lililo juu yake." Akageuka akatazama kilima. Sasa sauti yake haikuwa na utani. "Waliokuja usiku walikuwa na haraka. Huyu amemnyima mwenye kifungo kifungo chake, tena mbele za watu, mpaka ajue kililala vipi. Basi na bibi yangu atamheshimu hivyo hivyo. Tumemchagua huyu kwa sababu ni mzito kuliko wote tuliowahi kuwaona."

Nililia. Sioni haya kusema. Msimamizi wangu wa uzamivu alikuwa ananiandikia "harakisha" pembeni mwa kila sura, dada alikuwa ananiuliza kila mwezi lini nitamaliza, na hapa watu walikuwa wananipa kazi kwa uzito wangu. Niliikunja ile rufaa nikaitia begini. Ilikuwa rufaa nzuri, inasikitisha kidogo kwamba haikusikilizwa.

Mwenyekiti akagonga mhuri kwenye muhtasari mara tatu, kwa sababu ya kwanza ilikuwa hafifu na ya pili ilikuwa kichwa chini. Wakaongeza masharti yao: nikae kijijini, nisiwe mtu wa kuja na gari na kuondoka, kila nikitoa kitu, kijiji kikione kwanza, na mteremko wa mawe yaliyopangwa usiguswe bila kikao. Nikakubali yote.

Jioni chungu cha pombe ya ndizi kilitolewa, wazee wakakizunguka na mirija yao. Mimi Msabato, nikapewa uji. Nzeyimana akaja akakaa mbele yangu, mikono imejaa udongo bado, akaomba kujaribu brashi. Nikampa. Alipangusa mara mbili, brashi ikavunjika mpini. Akaitazama kwa mshangao wa kweli.

"Dokta, hii kazi inataka nguvu gani?"

"Ya kujizuia."

"Aa. Hiyo sijawahi kuitumia." Lakini akaomba brashi nyingine, na nikampa.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Kibondo nilipata mtandao, nikaupiga picha muhtasari na kuutuma, mihuri yote mitatu ikionekana. Kasulu Mama Ruhaga alinipa mfuko wa maharage na kukataa kurudishiwa koti. Stendi, Mwalimu alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Ile nne, nimeikokotoa upya." Hakusema ni ngapi. Nilisubiri mpaka basi likaondoka, na bado hakusema.

Dodoma nilikuta kochi limefuliwa na halijakauka, nikalala sakafuni. Wiki chache baadaye wale wa ng'ambo walijibu. Nafasi nimepata. Walisema muhtasari wangu umewagusa sana na hawajawahi kuona ushirikishwaji wa namna ile, hasa ukurasa unaohusu bomba la maji. Walikuwa na ombi dogo tu: je, kwa kuongeza kasi kidogo, kazi ya miaka mitatu ingeweza kumalizika kwa miaka miwili?

Safari ile nilidhani ninakwenda kuchukua mhuri ili chuo kiniajiri. Nimejifunza kwamba chuo kinanilipa tu. Walioniajiri wanaishi chini ya kile kilima, na kitu walichokiona ndani yangu ndicho kile ambacho kila mtu mwingine alikuwa ananionea aibu. Kwa hiyo sikuwajibu mwenyewe. Nilimpigia Bwana Bitakama, akaitisha kikao siku hiyo hiyo, na jioni nikawaandikia wale wa ng'ambo, kwa Kiingereza cha adabu kabisa, kwamba ombi lao limepokelewa na kijiji cha Nyamihini, limejadiliwa kwa kirefu, na limekataliwa kwa kura zote, na kwamba wameonywa wasirudie.